SHERIA YA MAZIWA ISIISHIE KWA NG'OMBE

Mtu akitaja maziwa, wengi wetu humwona ng'ombe. Sheria nazo zimezoea kuona hivyo hivyo. Vipimo vya uzito wa maziwa, vya mafuta yake na vya joto la kuyapashia viliwekwa na watu waliofuga ng'ombe, waliouza maziwa ya ng'ombe na walioogopa maradhi ya ng'ombe. Lakini mbuzi hukamwa, kondoo hukamwa, punda hukamwa, na katika nchi kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika ngamia ndiye mlezi wa nyumba nzima. Maziwa ya wanyama hao hayabaki tena bomani kwa mfugaji. Hupakiwa katika mabasi, huvuka wilaya, na huuzwa mijini kwa bei ambayo mara nyingi huipita ile ya maziwa ya ng'ombe.

Jambo hili lamhusu askari kwa njia mbili. Kwanza, askari ni mnywaji. Anapelekwa mahali asipopachagua, anakuta watu wakarimu wenye mifugo, naye hupokea kile wanachompa. Pili, askari ndiye anayeweka kizuizi barabarani. Sheria yo yote ya maziwa, hata ikiandikwa kwa kalamu ya dhahabu, huishia mkononi mwa polisi anayefungua mlango wa gari usiku na kuuliza: "Kuna nini ndani ya dumu hili?" Kama hajui anachokitafuta, sheria hiyo itakuwa mzigo kwa mnyonge na njia nyeupe kwa mlaghai.

MBUZI WALIOSHINDA JESHI

Wanajeshi wanayo sababu ya pekee ya kuikumbuka habari ya kisiwa cha Malta, katika Bahari ya Mediterania. Katika karne ya 19 Waingereza waliweka huko askari na manowari zao. Kila mwaka mamia ya watu wao waliugua homa iliyopanda na kushuka kama mawimbi. Usiku mgonjwa alitokwa na jasho jingi, mchana viungo vilimuuma, na aliweza kulala hospitalini kwa miezi. Si wengi waliokufa, lakini jeshi lililolala kitandani halina tofauti kubwa na jeshi lililoshindwa vitani.

Mwaka 1887 daktari wa jeshi aitwaye David Bruce aliipata bakteria ya homa hiyo katika miili ya askari waliokufa. Msomaji wa Uganda atalitambua jina hilo, kwani mwaka 1903 Bruce huyo huyo alifika Entebbe kuchunguza ugonjwa wa malale uliokuwa ukiwamaliza watu wa kando ya Ziwa Viktoria. Lakini kuijua bakteria si kujua njia inayopitia. Kwa miaka mingi watu walishuku hewa mbaya, vumbi, maji machafu na mbu. Kumbe adui alikuwa akiletwa mlangoni kila asubuhi.

Huko Malta mbuzi walitembezwa mitaani na kukamwa mbele ya mnunuzi. Kila mtu aliamini kwamba hakuna maziwa safi kuliko hayo, kwa kuwa yalitoka kiweleni yakaingia kikombeni. Mwaka 1905 daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi hao na kugundua kwamba wengi walikuwa na maambukizo ijapokuwa walionekana wanene na wazima. Baadhi yao walitoa bakteria katika maziwa. Mwaka 1906 maziwa ya mbuzi yakapigwa marufuku katika kambi na hospitali za jeshi. Baada ya muda mfupi idadi ya askari wagonjwa, iliyokuwa mamia kwa mwaka, ilishuka ikawa watu wachache tu.

Hapo ndipo lilipo funzo la kwanza, kwamba amri moja iliyotolewa kwa ujuzi iliokoa jeshi. Funzo la pili huwa halisemwi sana. Amri hiyo ilikoma kwenye lango la kambi. Raia wa Malta waliendelea kunywa yale yale, na wenye mbuzi waliendelea kuuza kwa sababu hawakupewa njia nyingine ya kuishi. Homa iliendelea kuwasumbua wananchi kwa miaka mingi. Mtambo wa kupasha maziwa moto kwa kipimo ulianza kazi kisiwani mwaka 1938, zaidi ya miaka 30 tangu ukweli ujulikane. Marufuku iliwalinda wachache, ilhali mtambo, ukaguzi na soko lenye utaratibu ndivyo vilivyoweza kuwalinda wote.

Ugonjwa huo bado upo. Wataalamu huuita brusela, na wengine huuita homa ya Malta. Kwa mifugo hujulikana kuwa ni ugonjwa wa kutupa mimba. Huwapata mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia. Dalili zake kwa binadamu hufanana na malaria, na kwa hiyo mgonjwa anaweza kumeza dawa za malaria mara tatu au nne bila nafuu, huku akidhoofika. Tiba yake ni mchanganyiko wa dawa unaotumiwa kwa muda wa wiki sita hivi. Askari ye yote aliyekaa katika nchi ya wafugaji, akapata homa isiyokwisha pamoja na maumivu ya mgongo na viungo, amwambie daktari waziwazi ni maziwa gani aliyokunywa na kama yalichemshwa.

NGAMIA SI NG'OMBE MREFU

Tumtazame sasa ngamia, ambaye maziwa yake ndiyo yanayokua sokoni kwa kasi katika sehemu zetu. Somalia na Kenya ni miongoni mwa nchi zinazotoa maziwa hayo kwa wingi zaidi duniani. Hesabu ya Kenya ya mwaka 2019 ilipata ngamia zaidi ya milioni 4. Hapa Uganda ngamia wako Karamoja, na sensa ya mifugo ya mwaka 2008 ilihesabu zaidi ya elfu 30. Idadi hiyo ni ndogo ukiilinganisha na ya jirani, lakini kwa familia ya Amudat au Moroto ngamia mmoja anayekamwa wakati wa kiangazi ni tofauti kati ya mtoto kushiba na mtoto kulala njaa. Ng'ombe hukauka maziwa malisho yanapokauka. Ngamia hula majani ya miiba, hustahimili kiu, na huendelea kutoa maziwa kwa mwaka mzima au zaidi baada ya kuzaa.

Maziwa yake yana chumvichumvi kidogo, na vitamini C iliyomo huzidi mara kadhaa ile ya maziwa ya ng'ombe. Hilo ni jambo kubwa mahali pasipo matunda wala mboga. Lakini yana tabia zake. Hayagandi upesi kuwa jibini, kwa kuwa protini zake zimepangwa kwa namna nyingine. Ilibidi wanasayansi watengeneze kigandishio cha asili ya ngamia mwenyewe, mwanzoni mwa karne hii, ndipo kazi ya jibini ikawa nyepesi.

Linalotuhusu zaidi ni vipimo. Katika maziwa ya ng'ombe kuna kimeng'enya kinachoitwa fosfatasi, ambacho hufa kwa joto lile lile linaloua vijidudu vya maradhi. Mkaguzi akikipata kikiwa hai katika chupa ya maziwa yanayodaiwa kuwa yamepashwa moto, anajua kwamba amedanganywa. Lakini fosfatasi ya maziwa ya ngamia hustahimili joto hilo. Maana yake ni nini? Mkaguzi akichukua kipimo cha ng'ombe na kukitumia kwa ngamia bila kufikiri, atamtia hatiani mtu aliyetii sheria kikamilifu. Watafiti wa Dubai walilieleza jambo hilo zaidi ya miaka 15 iliyopita na kupendekeza kimeng'enya kingine cha kupimia. Polisi wote wanajua kwamba ushahidi mbovu ni mbaya kuliko kukosa ushahidi. Kwenye maziwa ni vivyo hivyo.

DUMU LA ISIOLO

Nchini Kenya biashara hii imekuwa na njia yake maarufu. Maziwa hukamwa alfajiri katika maboma ya mbali yanayozunguka mji wa Isiolo. Huletwa mjini kwa pikipiki na magari, mara nyingi baada ya kukaa saa nyingi katika joto. Wanawake wafanyabiashara, wengi wao Wasomali, huyapokea, huyanusa, huyaonja na kuyapoza, kisha huyapakia kwenye mabasi yanayosafiri karibu kilomita 280 hadi Nairobi, hususan mtaa wa Eastleigh. Baadhi ya wanawake hao wameungana katika chama cha ushirika cha Anolei. Hawana shahada za ukemia, lakini pua zao na ndimi zao zimezuia maziwa mengi mabovu yasifike mjini.

Adui mkubwa wa njia hiyo ni dumu la plastiki. Mfugaji wa zamani alikamua katika chombo cha mti au cha nyuzi zilizosukwa, akakifukiza kwa moshi wa kuni maalumu ili kupunguza vijidudu na kuyapa maziwa ladha. Dumu, ambalo pengine lilianza maisha yake likiwa na mafuta ya kupikia, lina shingo nyembamba isiyoingiza mkono. Mabaki hushika pembeni, huchacha, na kuyaharibu maziwa mapya yanayomiminwa juu yake. Chombo cha aluminiamu chenye mdomo mpana husafishika vizuri, lakini ni ghali, ni kizito, na baadhi ya madereva hawapendi kukipakia. Hivyo sheria inayosema "marufuku dumu" bila kusaidia kupatikana kwa chombo kingine huwa imesema nusu ya neno.

Kenya ilipita katika darasa hilo kwa maziwa ya ng'ombe kwanza. Mwaka 1992 soko la maziwa lilifunguliwa, na wachuuzi wadogo wakaongezeka haraka. Kwa miaka kadhaa walikimbizwa kama wezi, madumu yao yakinyang'anywa na maziwa yakimwagwa. Hawakutoweka, ila walijificha, na mtu anayejificha haoshi vyombo vizuri wala hapimwi na mtu. Baadaye watafiti pamoja na Bodi ya Maziwa ya nchi hiyo walianza kuwafundisha usafi na kuwapa leseni. Mchuuzi aliyefundishwa, mwenye karatasi mkononi, akawa na kitu cha kupoteza, na mtu mwenye kitu cha kupoteza hujichunga. Mwaka 2007 shirika la viwango la Kenya likaweka viwango vinavyomtaja ngamia kwa jina. Huo ulikuwa mwanzo mzuri, ingawa kiwango kilichoandikwa Nairobi kina safari ndefu hadi kufika katika boma la Isiolo.

MILANGO YA NG'AMBO

Nchi nyingine zimeonyesha jinsi sheria inavyoweza kufunga au kufungua mlango. Mjini Nouakchott, Mauritania, mwanamke mhandisi aitwaye Nancy Abeiderrahmane alianzisha kiwanda cha Tiviski mwishoni mwa miaka ya 1980. Kilinunua maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji wanaohamahama, kikayapasha moto kwa kipimo na kuyatia katika pakiti. Hata jibini ya ngamia ilitengenezwa. Lakini alipotaka kuiuza Ulaya alikuta kanuni za huko hazikuwa na nafasi kwa maziwa ya mnyama huyo, na tena nchi yake haikuweza kuthibitisha kwamba haina ugonjwa wa midomo na miguu. Bidhaa ilikuwapo, wanunuzi walikuwapo, ila karatasi haikuwapo.

Dubai ilishika njia nyingine. Ilijenga shamba kubwa, ikawapima ngamia wake, ikaweka maabara, ikaomba ukaguzi. Mwaka 2013 Jumuiya ya Ulaya ilikubali maziwa ya ngamia kutoka huko, kwa sharti kwamba yapashwe moto ipasavyo. Ni kweli kwamba Dubai ina fedha ambazo mfugaji wa Moroto hawezi hata kuziota. Hata hivyo la kuiga si shamba lile bali mpango wa hatua zake. Kwanza ilijua afya ya mnyama, kisha usafi wa maziwa, kisha cheti, na mwisho soko. Anayeanza na soko hujikuta akilipia mambo mengine yote kwa afya za watu.

YAPASAYO KUWEMO KATIKA SHERIA

Uganda ilitunga Sheria ya maziwa mwaka 1998, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vya pamoja. Lakini kiwango chake cha maziwa mabichi kinachojulikana zaidi kinamtaja ng'ombe hata katika kichwa chake. Ili sheria iwafae wote, mambo matano hayana budi kuwekwa wazi.

Kwanza ni jina. Kanuni za kimataifa za Codex Alimentarius zinataka maziwa yatajwe pamoja na mnyama aliyeyatoa, endapo kunyamaza kutampotosha mnunuzi. Maziwa ya ngamia yakiwa ghali, walaghai hushawishika kuyachanganya na ya ng'ombe au maji. Huo ni wizi, hata kama mchanganyiko wenyewe haumdhuru mtu.

Pili ni joto. Kuyapasha maziwa nyuzi 63 za Selsiasi kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, huua vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu. Nyumbani na kambini yatosha kuyachemsha mpaka yafure. Wako wafugaji wanaoamini kwamba maziwa ya ngamia yakichemshwa hupoteza nguvu. Imani hiyo isikejeliwe, bali ijibiwe kwa elimu, kwa kuwa aliyekejeliwa hukubali mbele ya afisa na kuendelea na lake nyuma yake. Tangu virusi vya homa ya mapafu iitwayo MERS vigunduliwe Saudia mwaka 2012 na kuhusishwa na ngamia, Shirika la Afya Duniani limeshauri watu wasinywe maziwa mabichi ya mnyama huyo.

Tatu ni kipimo kinachomfaa kila mnyama. Jumuiya ya Ulaya yenyewe imekubali tofauti hii. Kwa maziwa mabichi ya ng'ombe hairuhusu zaidi ya bakteria 100,000 katika mililita moja, na kwa wanyama wengine hufika 1,500,000. Si kwamba mnyama mwingine ameruhusiwa kuwa mchafu, la hasha. Watunga sheria walitambua kwamba mbuzi na kondoo hukamwa kidogo kidogo, mahali pengi na kwa shida zaidi.

Nne ni maneno ya muuzaji. Pako wanaodai kwamba maziwa ya ngamia huponya kisukari, saratani, na kila ugonjwa uliomshinda daktari. Mwaka 2016 idara ya chakula na dawa ya Marekani iliionya kampuni moja kwa madai ya namna hiyo. Maziwa ni chakula bora, na yatosha kuyauza kama chakula. Mgonjwa wa kisukari akiacha dawa zake kwa ajili ya chupa ya maziwa, aliyemdanganya amemtia hatarini.

Tano ni leseni iliyo nyepesi kupatikana. Mama anayeuza lita 20 kwa siku asidaiwe ada na majengo yanayodaiwa kwa kiwanda. Afundishwe, apimwe afya, apewe karatasi, akaguliwe mara kwa mara. Sheria ambayo maskini hawezi kuitimiza huwa ni ruhusa tu ya kumwomba hongo.

ASKARI KWENYE KIZUIZI

Hapo ndipo tunaporudi kwa askari mwenyewe. Maziwa ni mzigo usiosubiri. Bangi iliyokamatwa leo itakuwa bangi kesho kutwa, lakini maziwa yaliyozuiwa saa tatu juani yatakuwa yameharibika kabla kosa halijathibitishwa. Kwa hiyo polisi anayesimamisha gari la maziwa hushika mkononi jasho la wiki nzima la familia kadhaa. Atazame leseni, atazame chombo, anuse, na kama yupo mkaguzi wa mifugo amwite mara moja. Yakiwa mazuri, gari liende. Yakiwa mabaya, yamwagwe mbele ya mashahidi na iandikwe yalikuwa lita ngapi na kwa sababu gani. Asiyekuwa na kipimo asijifanye yeye ndiye kipimo.

Wala lisifichwe hili, kwamba askari anayejaziwa chupa yake kwenye kizuizi ili afumbe macho anajidhuru mara mbili. Ameuza sheria, tena ameinunua homa. Malipo hayo aliyoyachukua hayakupimwa na mtu ye yote, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyepaswa kuyapima.

Makamanda nao wana wajibu wao. Majeshi ya Uganda yalipofika Mogadishu mwaka 2007 yaliingia katika nchi ambayo maziwa ya ngamia ni heshima ya mgeni. Kikosi kinachopelekwa Karamoja hukuta mila iliyo karibu na hiyo. Kumkataa mwenyeji kwa dharau ni kosa, na kunywa bila tahadhari ni kosa pia. Jiko la kikosi linunue maziwa kwa wauzaji wanaojulikana, liyachemshe yote bila kuuliza yametoka kwa mnyama gani, na daktari wa kikosi awaeleze vijana dalili za brusela kabla hawajaondoka. Kikosi kikinunua kwa utaratibu huo, kwa bei ya haki, wafugaji wa jirani watajifunza usafi kwa sababu usafi utakuwa na mnunuzi.

Waingereza wa Malta waliwalinda askari wao na kuwaacha wananchi nje ya lango. Sisi hatuwezi kufanya hivyo, kwa kuwa askari wetu ni mtoto wa mfugaji huyo huyo, na likizo yake ataimalizia katika boma hilo hilo, akinywa katika kibuyu kile kile. Maziwa safi ya kambini na maziwa safi ya kijijini ni jambo moja. Yafaa sheria iwataje mbuzi, kondoo, punda na ngamia kwa majina yao, iwape vipimo vyao, na impe polisi ujuzi pamoja na mamlaka. Hapo mwenye dumu hataliogopa tena taa la kizuizi, na mnywaji hatakiogopa kikombe.